Nge wa Kijani Kifuani kwa Mama Mwenye Nyumba

Mama Mwenye Nyumba aliingia dukani bila hodi, bila salamu, bila hata kutazama kushoto wala kulia.

Alinifuata moja kwa moja kwenye kona yangu, akanishika mkono, akaniburuta hadi nyuma ya pazia la kupimia nguo.

Kisha akafungua vifungo viwili vya juu vya gauni lake.

"Tazama."

Nikatazama.

Chini kidogo ya mfupa wa shingo, palepale kwenye ngozi, palikuwa na nge.

Sisemi kidani cha nge. Kidani alikuwa amekishika mkononi. Huyu alikuwa nge mwenyewe, wa kijani, mkia juu, magando mbele, amekaa kifuani kwa mtu mzima kama amelipia chumba.

"Nimemsugua kwa sabuni," akaninong'oneza. "Nimemsugua kwa dodoki mpaka ngozi inawaka moto. Hatoki."



"Mama, naomba unisamehe, mimi..."

"Nikusamehe nini? Sikuja kukugombeza, mwanangu. Nimekuja kukuambia kwamba ishara imeshuka."

"Ishara gani?"

"Naolewa. Jumamosi ya wiki ijayo."

Akafunga vifungo vyake, akajitengeneza mtandio, akatoka. Mlangoni akapishana na shangazi yangu, akamnong'oneza habari nzima ya harusi, kisha akasema, "Huyu binti yako usimchezee. Mikono yake ina kitu."

Shangazi akanitazama.

Mimi nikaitazama mikono yangu. Ilikuwa na malengelenge matatu na kucha moja iliyovunjika. Kitu kingine sikukiona.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana naona mmeshaanza kunifikiria vibaya. Mimi si mganga. Mimi ni mtu wa waya.

Nilimaliza sekondari, nikakaa nyumbani mwaka mzima nikisubiri kitu ambacho hata mwenyewe sikukijua jina. Kazi yangu kubwa ilikuwa kumwambia mama "nakuja" bila kuinuka.

Siku moja kwenye simu nikaona video ya mikono inakunja waya. Dakika tatu tu, kikatoka kidani cha nyota ya Simba. Kizuri, kinang'aa, unatamani kukila.

Nikajisemea, hii mbona kazi ndogo?

Jamani. Siku nyingine nikisema hivyo, nipigeni.

Nilimwendea shangazi, dada yake baba, fundi cherehani anayeheshimika mtaa mzima. Nikamwomba kona ya meza yake, ile ya dirishani, nitengeneze vidani vya nyota kumi na mbili.

Shangazi alikuwa na pini nne mdomoni. Akazitoa moja moja. Ukiona shangazi anatoa pini mdomoni, ujue maneno yanayokuja ni mazito.

"Kona nakupa," akasema. "Lakini jengo hili ni la Mama Mwenye Nyumba, na yule mama hapendi ujinga. Siku utakayomuudhi yeye, unatoka wewe, natoka mimi, na hii cherehani inatoka. Miaka kumi na moja niko hapa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, shangazi."

"Rudia."

"Nikimuudhi, tunatoka wote watatu. Mimi, wewe na cherehani."

"Vizuri. Na pasi yangu usiiguse."

Waya niliupata mlango wa pili, kwa Fundi Feni, anayesuka upya mota zilizoungua. Pale kwake kulikuwa na vipande vya waya wa shaba vilivyobaki, vimejaa kopo zima. Akanipa bure, akarudi kwenye feni zake.

Waya wenyewe ulikuwa na rangi ya kahawia iliyoiva, kama umepakwa chai ya rangi. Mimi nikaona huo ni uchafu. Kwenye video shaba ilikuwa inang'aa, hii yangu mbona imepauka?

Nikatafuta msasa. Nikakaa siku mbili nakwangua waya kipande kwa kipande mpaka ukawa unameremeta. Vidole vikaniuma hadi nikawa nashika kijiko kama mtoto mchanga.

Nilijivunia sana ule usafi. Shikeni hapo hapo.

Kukunja nako kuna maajabu yake. Nilipigilia misumari kwenye kibao, kila nyota na mpangilio wake, ili niuzungushe waya kwenye misumari na umbo litoke lenyewe. Halafu unauponda kidogo uwe bapa. Cha kupondea juu yake sikuwa nacho.

Nikaigusa pasi ya shangazi.

Ile ya zamani, ya chuma, aliyokuwa akiwekea mlango usifunge. Niliigeuza tumbo juu, nikawa nagongea hapo. Alipoikuta ina makovu, alinifukuza kwa rula ya kushonea hadi kwa Fundi Feni.

Bidhaa za kwanza zikatoka.

Simba wangu alifanana na kitana. Kaa alifanana na kunguni, tena kunguni aliyeshiba. Mashuke yalikuwa fagio. Mizani ilipinda upande mmoja, ungedhani muuzaji ni mwizi. Samaki wawili walitoka kama kandambili. Ndoo peke yake ndiyo ilitoka vizuri, kwa sababu ndoo ni ndoo.

Mapacha, ambao ndiyo nyota yangu, walinishinda kabisa. Kila nikimaliza, mmoja mrefu, mwingine kama ana njaa. Kwa hiyo mwenyewe sikuvaa kidani hata kimoja.

Dada wa saluni ya ng'ambo akaja, akashika Kaa, akageuza, akageuza tena.

"Hii ndiyo nyota ya nini?"

"Kaa."

"Nikae wapi?"

"Kaa! Kaa wa baharini!"

"Ahaa. Mimi nikajua kunguni. Nipe hiyohiyo, nitaizoea."

Lakini nge, wadau, nge alitoka. Sijui ilikuwaje. Waya ulijikunja wenyewe, mkia ukapanda juu, magando yakakaa sawa. Nilipomweka dirishani, ulikuwa unaona anataka kutembea.

Mama Mwenye Nyumba akampitia siku hiyohiyo. Akasimama nje ya kioo muda mrefu. Akaingia, akasema, "Huyu wangu," akamvaa ndani ya gauni, akaondoka.

Wiki moja baadaye ndipo akaniburuta nyuma ya pazia.

Sasa turudi pale.

Mama Mwenye Nyumba alipoondoka, shangazi alianza kucheza. Nasema kucheza, na futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Gauni la harusi nalishona mimi! Na ya mabinti zake wote watatu! Unajua ameposwa kwa muda gani? Miaka minne!"

"Na nani?"

"Mzee wa Saa."

Mzee wa Saa namfahamu. Ana kimeza chake kwenye kibaraza upande wa pili wa barabara, anatengeneza saa za mkononi kwa miwani ya jicho moja. Mpole kupindukia. Mtu wa saa, lakini haraka hana.

Shangazi akanieleza. Mama Mwenye Nyumba ni mjane. Mzee wa Saa alimposa. Mabinti wakakataa. Hawakusema hawamtaki, hapana, hao ni wajanja. Walisema nyota za wawili hao hazijakaa sawa, wasubiri ishara. Kila mwaka wakisoma utabiri kwenye simu, ishara haijaja. Kila mwaka mzee anaambiwa asubiri, naye anarudi kwenye saa zake.

"Sasa ishara imekuja," shangazi akasema. "Juzi mama kawaonyesha mabinti kifua, wamepiga kelele nusura waezue paa. Wenyewe ndio wamepanga siku!"

Mimi nikacheka. Roho ikatulia. Nikaanza hata kujiangalia mikono kwa heshima. Pengine kweli ina kitu.

Ile heshima ilidumu saa moja tu.

Shangazi alikuwa ametoka kununua kitambaa cha harusi, ndipo dada wa saluni akaingia kwa kishindo, kitambaa shingoni, akakivua.

"Koleo!" Hilo ndilo jina walilonipa mtaani. "Huyu kunguni wako ameniachia nini?"

Shingoni alikuwa na kaa. Wa kijani.

Hajakaa sawa, akaingia muuza maua, samaki wawili wa kijani chini ya koo. Nyuma yake mke wa kinyozi, ndoo ya kijani. Ndoo ilikuwa safi sana, lazima niseme.

Ishara moja naelewa. Ishara nne kwa asubuhi moja?

Nikawaomba wanisubiri, nikatoka mbio na kipande cha waya mkononi mpaka kwa Fundi Feni.

"Fundi, waya wako una dawa gani?"

Akauchukua. Akaugeuza kwenye mwanga. Akanitazama mimi, akautazama waya, akanitazama tena.

"Koti lake liko wapi?"

"Koti gani?"

"Ile rangi ya kahawia."

"Ule uchafu? Niliukwangua wote, fundi. Siku mbili nzima."

Fundi Feni aliweka bisibisi chini. Akakaa juu ya kasha la feni. Akaanza kucheka, mwanzoni taratibu, halafu mpaka machozi, halafu mpaka kikohozi.

"Binti, ile ni vanishi! Kiwanda kizima kinahangaika kuipaka, wewe umekaa na msasa unaitoa? Shaba tupu ikikutana na jasho inatoa kijani. Ungeiacha na koti lake, hata kama mtu ataogelea nayo, isingemchora!"



Siku mbili. Malengelenge. Kijiko nashika kama mtoto mchanga. Kumbe nilikuwa najichimbia shimo kwa msasa.

Dada wa saluni na wenzake niliwaeleza ukweli, nikawaomba radhi, nikachukua vidani vyao nivipake vanishi. Wakanitania wakachoka, wakaondoka. Hao walikuwa rahisi.

Mwingine ndiye alikuwa mlima.

Maana fikirieni. Mama mtu mzima, mwenye jengo, anaolewa kwa sababu ya kutu ya shaba. Nikimwambia, harusi inavunjika, anaaibika mbele ya mtaa, ananichukia, na ile orodha ya shangazi inatimia: mimi, yeye na cherehani, wote barabarani. Nisipomwambia, anaingia kwenye ndoa kwa sababu mimi sijui tofauti ya vanishi na uchafu.

Nilimwambia shangazi kwanza. Alikuwa anakata kitambaa cheupe.

Mkasi ukasimama katikati.

"Sema tena."

Nikasema tena.

"Nani mwingine anajua?"

"Fundi Feni. Na wale watatu, lakini hawajui habari ya ishara."

Shangazi akakaa. Akatazama dukani kwake kote, toka kwenye rafu za vitambaa mpaka kwenye ile alama ya sakafuni ambapo mguu wake umekanyaga pedali miaka kumi na moja.

"Funga mdomo," akasema. "Harusi ipite. Baadaye hata akijua, ameshaolewa. Na mzee ni mtu mzuri. Ubaya uko wapi?"

Kusema kweli, ubaya sikuuona. Nikafunga mdomo.

Nilifunga siku tatu. Siku tatu hizo watu walipita dukani kama maonyesho. Kila mtu anataka nyota. Mama mmoja alitaka nyota mbili, moja yake na moja ya mumewe, amvalishe akiwa amelala. Mabinti wa Mama Mwenye Nyumba wakaja kupimwa, wakanikumbatia, yule mdogo akaniita "mwonaji wetu". Nikacheka kicheko ambacho hakikufika hata kwenye meno.

Siku ya nne akaja Mzee wa Saa.

Alisimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi, miwani yake ya jicho moja imepandishwa kwenye paji la uso.

"Mjukuu wangu," akasema, "nimekuja kukushukuru."

"Babu, hapana, sijafanya kitu."

"Umefanya. Miaka minne nimeomba kwa mdomo. Wewe umeomba kwa waya, wiki moja tu, nikajibiwa."

Nikainamisha kichwa, nikajifanya natafuta msumari.

Akazungusha kofia mkononi. Kisha akasema, taratibu, kama anaongea na saa:

"Nimefurahi, sitasema uongo. Ila mtu ana tamaa. Ningependa angesema ndiyo kwa ajili yangu. Si kwa ajili ya nge."

Akacheka mwenyewe. Akavaa kofia. Akavuka barabara kurudi kwenye kimeza chake.

Kile kicheko kilinimaliza, jamani.

Nilivua aproni. Shangazi akaniona.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Mama Mwenye Nyumba."

Sindano ya cherehani ikasimama. Nilijua atanikataza. Nilikuwa nimejiandaa kukatazwa, hata majibu nilikuwa nayo. Lakini alikuwa amemsikia mzee kama nilivyomsikia mimi.

Akatoa pini mdomoni. Moja, mbili, tatu.

"Nenda," akasema. "Mimi naanza kukunja vitambaa."

"Shangazi..."

"Nenda kabla sijabadili mawazo!"

Mama Mwenye Nyumba anaishi ghorofani, juu ya maduka, kwenye jengo hilohilo. Ngazi zina hatua ishirini na mbili. Nazijua kwa sababu kila hatua nilitaka kurudi.

Sebuleni mabinti wadogo wawili walikuwa sakafuni, wamezungukwa na vitambaa, wanabishana kuhusu rangi. Mkubwa, anayefanya kazi maabara ya hospitali, hakuwepo sebuleni. Nikashukuru. Yule ndiye mkali wao.

"Mama yuko jikoni," wakasema. "Mwonaji, karibu!"

Mwonaji. Nikaingia jikoni nikiwa nimeloa jasho.

Mama Mwenye Nyumba alikuwa anamenya vitunguu. Nikasimama karibu na beseni, nikaunganisha mikono mbele kama mtu anayesomewa shtaka.

"Mama, nina neno."

"Sema, mwanangu."

"Yule nge si ishara. Ni shaba. Waya ulikuwa na vanishi, mimi nikaikwangua nikidhani ni uchafu. Shaba ikikutana na jasho inaacha kijani. Dada wa saluni naye ana kaa. Mke wa kinyozi ana ndoo. Ni kosa langu, shangazi hakujua, akajua nilipomwambia. Naomba usimtoe. Nitoe mimi."

Nilisema yote kwa pumzi moja. Nilipomaliza nilikuwa naona nyota halisi, zile za kukosa hewa.



Mama Mwenye Nyumba alimaliza kitunguu chake. Akakiweka pembeni. Akafuta mikono.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikajua analia. Mungu wangu, nimemliza mama wa watu wiki ya harusi yake.

Kumbe anacheka.

"Ndoo?" akauliza. "Mke wa kinyozi ana ndoo?"

"Ndiyo, mama."

"Ya kijani?"

"Ya kijani."

Akashika meza asianguke. Alipopata pumzi akanivuta karibu, akashusha sauti.

"Mwanangu, marehemu mama yangu alivaa bangili ya shaba tangu namjua. Mkono wake ulikuwa na bangili mbili kila siku, moja ya shaba na moja ya kijani. Unadhani sijui shaba?"



"Ulijua?"

"Siku nilipomwona yule nge dirishani nilijua kabisa atanichora. Hukuona nilivyomvaa ndani ya gauni, na joto hili? Nilikuwa nasubiri anichore!"

"Lakini... dodoki? Sabuni?"

"Dodoki la nani? Nimsugue nani? Nilikuwa namlinda kama yai!"

"Sasa kwa nini, mama?"

Hapo kicheko kikapungua. Akachukua kitunguu kingine, hakukimenya, akakishika tu.

"Mzee nilishamkubali moyoni siku nyingi. Lakini ningewaambiaje hawa wasichana? Baba yao nilimlilia mbele yao. Leo niwaambie mama yenu anapenda tena? Niliona aibu. Wao walitaka ishara, nikaona basi, niwape ishara."

"Mama!"

Sauti haikutoka kwangu.

Ilitoka mlangoni. Binti mkubwa, wa maabara, alikuwa amesimama na mkoba wake begani. Alikuwa amerudi kutoka kazini. Amesikia kiasi gani, sikujua, lakini uso wake ulisema kiasi cha kutosha.

Mama Mwenye Nyumba akageuka jiwe. Mimi nikatafuta dirisha. Ghorofa ya kwanza, labda ningevunjika mguu mmoja tu.

Binti mkubwa akaweka mkoba chini taratibu.

"Mama," akasema. "Siku ile nilikupa limau ujisugue. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ukaniambia umesugua na limau, haikutoka."

"Nilisema hivyo."

"Nililikuta limau hapo juu ya kabati. Zima. Hata kukatwa halijakatwa."

Mama akakigeuza kitunguu mkononi.

"Mama, mimi nashinda na kemikali kutwa. Limau lingeitoa ile rangi kwa dakika moja. Nilijua ni shaba kabla hujafunga kifungo."

"Ulijua?" mama akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko yangu.

"Nilijua. Wadogo zangu wakawa wanapiga kelele 'ishara, ishara', nami nikapiga kelele kuliko wote." Akajikuna kichwa, na kwa mara ya kwanza nikaona kumbe yule mkali naye ana haya. "Miaka minne nimekuzuia, mama. Mwaka wa kwanza nilikuwa namlilia baba. Mwaka wa pili nilishaona mzee ni mtu mwema. Lakini nilikuwa nimeshasema hapana mbele ya kila mtu. Ningerudije nyuma? Nikaona nge, nikasema asante."

Wakatazamana.

Wakaanza kucheka wote wawili, huku wakilia, na safari hii machozi hayakuwa ya vitunguu. Wale wadogo wakaja mbio kutoka sebuleni kuuliza kuna nini. Wakaelezwa.

Yule wa kati akasema, "Kwani kuna mtu hakujua? Mimi hereni zangu za shuleni zilikuwa zinanichora hivyohivyo."

Mdogo peke yake ndiye alinuna. Alikuwa ameamini. Alipotulia, akanigeukia.

"Na wewe? Wewe ndiye mtengenezaji. Ulikuwa hujui?"

Nyumba nzima ikanitazama.

Hebu niwaeleze hiyo aibu. Bibi harusi alijua. Binti wa maabara alijua. Mwenye hereni za shule alijua. Fundi feni alijua. Aliyepaswa kujua kuliko wote lakini hakujua kwamba shaba inachora ngozi ni yule aliyeketi kwenye meza na koleo, anauza shaba.

"Nilikuwa nadhani mikono yangu ina kitu," nikasema.

Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Nikaona hapo ndipo pa kusema lililobaki.

"Mama, mzee yeye hajui. Amekuja leo dukani. Anadhani unaolewa kwa ajili ya nge. Alisema angependa useme ndiyo kwa ajili yake."

Kicheko kikakatika kama umeme.

Mama Mwenye Nyumba akafungua aproni. Hakubadili nguo, hakujitazama kwenye kioo, hata kitunguu alisahau mkononi. Akashuka ngazi zile ishirini na mbili kwa mwendo ambao sikujua anao.

Sisi wanne tukajazana dirishani.

Tulimwona anavuka barabara. Tulimwona anasimama mbele ya kimeza. Mzee ameinama, miwani jichoni, ameshika skrubu ya saa kwa kibanio, ile ndogo kama chembe ya sukari.

Maneno hatukuyasikia. Midomo yake ilisogea mara moja, fupi.

Mzee wa Saa akadondosha skrubu.

Mtu yule, wateja wake wote watakuambia, hajawahi kudondosha skrubu. Hakuitafuta hata. Aliinua uso, miwani ikaanguka, akabaki anamtazama mama na kitunguu chake, amekaa tu, kama saa iliyotiwa ufunguo mpaka mwisho.

"Mama kasema nini?" mdogo akauliza.

"Wewe unadhani kasema nini?" mkubwa akamjibu, na akajifuta macho kwa pazia.

Mama alipovuka kurudi akanipa maagizo ya harusi, nami nikarudi dukani. Shangazi alikuwa ameshakunja vitambaa vyote, amevipanga kwenye mifuko, amekaa juu ya mfuko mmoja na pasi yenye makovu mapajani.

"Tunatoka?" akaniuliza.

"Hatutoki. Mama Mwenye Nyumba anataka gauni liwe na mikono mirefu. Na anataka nge mwingine wa harusi, mwenye vanishi, asimchafulie kitambaa cheupe."

Shangazi akafumba macho. Akashusha pumzi ndefu.

Kisha akanirushia mfuko wa vitambaa. "Kunjua! Unanitazama nini? Kunjua vyote!"

Harusi ilipita, ikapita vizuri. Mimi nilivitumbukiza vidani vyote kwenye vanishi, nikavianika kwenye kamba ya dirishani kama soksi. Halafu nikaandika kibao, herufi kubwa, nikakisimamisha mezani: SHABA HUCHORA NGOZI. HII IMEPAKWA VANISHI. IKIKUCHORA, IRUDISHE.

Nilijisikia mtu mwaminifu sana.

Mteja wa kwanza baada ya kibao alikuwa msichana wa rika langu. Akasoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili. Akatazama nyuma kama kuna mtu anamfuata, akainama karibu na sikio langu.

"Dada, ile isiyopakwa ipo? Nina mchumba, mwaka wa tatu huu, na mama yake anaamini nyota."

Nilimuuzia yenye vanishi, nikamwambia akamuulize mchumba mwenyewe.

Somo nililopata mimi ni hili, na mnaweza kulichukua bure kama nilivyochukua waya. Ukiharibu kazi, mwambie mwenye nayo mapema. Aibu yenyewe ni ya dakika tano, na mara nyingi utakuta wenzako walijua zamani, wanakusubiri wewe tu ujue.

Na kitu chochote kikiwa na rangi ya kahawia, kabla hujakikwangua, uliza.